Uchovu wa Kazi na Haki ya Mwenzi

Kazi ina heshima yake, na uchovu utokanao na kazi una heshima yake vilevile. Mtu aliyeshinda shambani na jembe, au baharini na mshipi, au darasani na chaki, hana sababu ya kuona haya akisema kwamba amechoka. Mwili umeumbwa kwa kiasi. Na akili, ambayo twapenda kuidhania kuwa haina mpaka, ina kiasi kidogo kuliko mwili. Lakini uchovu ni wa namna mbili, na asiyezipambanua namna hizo hujidhulumu mwenyewe kwanza, kisha huwadhulumu wengine. Uchovu wa kwanza huondolewa na usingizi: mtu hulala hoi akaamka mzima. Uchovu wa pili hulala na mtu kitandani na kuamka naye alfajiri. Humfuata njiani, na kabla hajafika mlangoni pa kazi huwa umekwisha kumwambia kwamba siku ya leo ni ndefu na haina faida. Ni huu wa pili ninaotaka kuusemea, na hasa tabia yake moja mbaya, nayo ni kuwaadhibu watu wasio na hatia.

Nimefundisha katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya maarifa niliyo nayo juu ya tabia za watu sikuipata darasani. Niliipata katika chumba cha walimu. Chumba hicho kina meza ndefu, madaftari yaliyopangwa kama matofali, birika la chai, ratiba ukutani, na watu kumi na watano au ishirini ambao hawakuchaguana. Mwanafunzi humwona mwalimu katika ushujaa wake; walimu wenziwe humwona katika udhaifu wake. Wao ndio wanaojua ni nani aliyelala vibaya, nani anadaiwa, nani ana mgonjwa nyumbani, na nani amekwisha kuchoka ule uchovu wa pili. Watu wanaojuana hivyo wana uwezo mkubwa wa kusaidiana, na wana uwezo mkubwa vilevile wa kuumizana.

Wataalamu wa nafsi wameuchunguza uchovu huu kwa muda wa nusu karne. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, daktari wa nafsi wa New York, aliandika juu ya watu waliojitolea kufanya kazi katika zahanati iliyotibu watu bila malipo. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Neno alilolichagua kuwa jina la hali yao lina maana ya kuteketea, kama kitu kilichowaka mpaka kikaishiwa. Katika dalili alizozitaja, pamoja na maumivu ya kichwa na uchovu usiokwisha, iliko dalili ya wepesi wa kukasirika. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo cha hali hiyo, wakaigawa katika sehemu tatu: kukaukiwa na moyo, kuwaona watu kama vitu, na kujiona kwamba kazi uifanyayo haina tija. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza katika orodha yake ya magonjwa kuwa ni jambo litokanalo na kazi, wala halikuiita ugonjwa. Lilisema kwamba asili yake ni taabu ya kazini iliyodumu muda mrefu bila ya kupatiwa njia.

Maelezo hayo yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ukali wa mtu aliyechoka si lazima uwe tabia yake ya asili. Waweza kuwa dalili, kama jasho lilivyo dalili ya homa. La pili ni kwamba dalili hiyo ina ubaya ambao homa haina. Homa humtoa mgonjwa jasho lake mwenyewe. Uchovu huu humtoa jirani machozi. Kwa hiyo hautoshi udhuru wa kusema, "Nisameheni, nimechoka," kila jua linapotua. Mwenye ndui hana lawama kwa kuugua, lakini ana wajibu wa kutoiambukiza nyumba nzima.

Wahenga walisema kwamba kamba hukatikia pembamba. Sijui methali iliyo kweli kuliko hiyo katika habari za hasira. Mwaka 1939 John Dollard na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza kwamba hasira inayozuiwa isimfikie aliyeisababisha hugeuka ikamwendea mwingine. Mtu hahitaji kwenda Yale kulithibitisha jambo hilo; aketi katika chumba cha walimu wiki moja. Amri mpya inakuja kutoka juu, na mwalimu inamwudhi. Hawezi kumkaripia afisa aliyeitoa, kwa kuwa hamwoni. Hawezi kumkaripia mkuu wa shule, kwa kuwa mkuu ndiye aandikaye taarifa ya utendaji wake. Mzazi aweza kwenda kushtaki. Hubaki nani? Hubaki karani, mhudumu wa ofisi, mwalimu mgeni aliyeanza kazi mwezi uliopita, na rafiki aketiye kiti cha jirani. Hasira hamtafuti mwenye kosa. Humtafuta asiyeweza kujibu, na akikosekana huyo, humtafuta yule ambaye tunamwamini kwamba atasamehe. Hivyo unyonge wa mmoja na upendo wa mwingine hugeuzwa kuwa mahali pa kutupia takataka.

Katika shule moja niliyopata kufundisha alikuwako mwalimu wa hisabati, mtu hodari na mwaminifu. Mwenzake wa somo lile alihamishwa katikati ya mwaka, na badala yake hakuletwa mwingine. Mikondo mitatu iliyokuwa ya yule aliyehamishwa akatwishwa yeye, juu ya mitatu aliyokuwa nayo. Hakuulizwa, aliisoma ratiba mpya ukutani kama wanafunzi wanavyosoma matokeo yao. Hakusema neno. Tulimsifu kwa uvumilivu wake, na sifa zetu zikawa kufuli kinywani mwake, maana mtu akishasifiwa kwa kunyamaza, siku ya kusema huona kama anavunja ahadi. Miezi miwili ikapita. Madaftari yalipanda mezani pake hata tukawa tunamwona kichwa tu. Kwanza aliacha kunywa chai pamoja nasi. Kisha aliacha mzaha. Kisha alianza kuwaita wanafunzi wake "hawa", kana kwamba hawakupewa majina.

Siku moja aliletewa karatasi za mtihani wa muhula alizokuwa amezipeleka kuchapwa. Ukurasa wa pili ulikuwa umefifia, kwa sababu wino wa mashine ulikuwa umekwisha, na ombi la wino mwingine lilikuwa limelala ofisini wiki mbili. Aliyesimama mbele yake alikuwa karani, mama wa makamo aliyeifahamu shule ile kuliko wengi wetu. Mbele yetu sote mwalimu alimwambia kwamba anakula mshahara wa bure, na kwamba mtoto wa darasa la kwanza angeifanya kazi ile vizuri zaidi. Yule mama alisema, "Samahani, mwalimu," akazichukua karatasi zake akatoka. Chumba kilinyamaza. Kila mtu alitazama daftari lililokuwa mbele yake kwa bidii ambayo daftari halikustahili.

Watu hudhani kwamba madhara ya maneno kama hayo ni machozi na manung'uniko, na kwamba yakikauka, mambo yamekwisha. Madhara niliyoyaona mimi yalikuwa ya namna nyingine. Karani yule alikuwa na desturi ya miaka mingi isiyoandikwa katika mkataba wake: alipochapa mitihani yetu, aliisoma. Akikuta nambari ya swali imerukwa, au jumla ya alama haifiki mia, alikuja kimya kimya akainama mezani akasema, "Mwalimu, hebu tazama hapa." Alituepusha na aibu nyingi, wala hakuna aliyewahi kumlipa senti kwa wema huo. Tangu siku ile karatasi za mwalimu wa hisabati alizichapa kama zilivyoandikwa, nukta kwa nukta. Hakulipiza kisasi. Alitimiza wajibu wake, na hakuna msimamizi ambaye angaliweza kumlaumu. Aliondoa tu kile alichokuwa akikitoa kwa hiari yake. Katika jaribio lililofuata alama ya kujumlisha ilikaa mahali pa alama ya kutoa, swali likawa halina jibu ambalo watoto wale wangaliweza kulipata, na kidato kizima kikalihangaikia. Mwalimu alilazimika kuzipitia karatasi zote mara ya pili, usiku, yeye ambaye tayari alikuwa amechoka.

Tukio hilo lilinifundisha jambo ambalo ndilo kiini cha insha hii. Hakuna kazi duniani inayokwenda kwa mkataba peke yake. Chini ya kazi iliyoandikwa iko kazi isiyoandikwa: mwenzi akushikiaye kipindi ukienda kumwona mgonjwa, akukumbushaye kikao, aonaye kosa lako akalisahihisha kabla halijaonwa na mkuu. Wema huo ni sehemu ya nguvu zetu, ijapokuwa hatuuhesabu. Mtu mwenye nguvu tele anaweza kuishi bila ya huo kwa muda. Mtu aliyechoka hawezi hata siku moja. Na huyu aliyechoka, akiwamwagia wenzi wake hasira, huukata mkono uliokuwa ukimshika kwapa. Huanza siku akiwa na mzigo wake mmoja, akaimaliza akiwa na miwili. Hasira hasara, walisema wazee, na makarani wa fedha wangeweza kuiandika hasara hiyo katika vitabu vyao kama wangekuwa na safu yake.

Wako wasemao kwamba ni heri mtu aitoe hasira yake kuliko kuiweka, kwamba ikitoka hupoa. Maneno hayo ni mazuri kusikia, lakini majaribio yameyakanusha. Mwaka 2002 Brad Bushman, mtaalamu wa nafsi wa Marekani, alichapisha jaribio ambalo watu walichokozwa, kisha baadhi yao wakaambiwa wapige mfuko wa mchanga huku wakimfikiri aliyewachokoza, na wengine wakaachwa wakae bila ya kufanya chochote. Waliopiga mfuko walitoka na hasira zaidi. Waliokaa kimya walikuwa na nafuu kuliko wao. Kupuliza moto si njia ya kuuzima. Lakini kunyamaza kabisa nako si dawa, kama tulivyoona kwa mwalimu wetu aliyenyamaza miezi miwili. Iko njia ya katikati, nayo ni kuutaja uchovu kwa jina lake, mapema, kwa maneno ya kawaida, kabla haujavaa nguo za hasira.

Katika chumba kile kile alikuwako mama mmoja aliyefundisha historia, mkubwa wetu kwa umri. Alikuwa na wagonjwa nyumbani na vipindi vingi shuleni, na siku za kuzidiwa alizijua. Siku kama hizo aliingia, akatusalimu, akasema, "Wenzangu, leo nimechoka vibaya. Nikijibu kwa mkato msidhani nimewachukia. Na mwenye jambo lisilo la haraka aniwekee hadi kesho." Maneno hayo hayakuzidi pumzi mbili. Lakini yalimaliza kazi kubwa: yalituondolea kazi ya kukisia, yakamwondolea yeye kazi ya kujifanya. Hakuna aliyemdharau. Kinyume chake, siku hizo alimiminiwa chai kabla hajaomba, na mtu alijitolea kumsimamia wanafunzi wake. Kusema kweli ya udhaifu wake kulimletea msaada ambao ukali haungaliweza kuuamuru.

Mama huyu ndiye aliyemwendea mwalimu wa hisabati baada ya mambo yale. Hakumkemea mbele ya watu. Alimngoja jioni, akamwambia, "Mwanangu, mzigo huu hakukutwika karani. Aliyekutwika ni mwenye ratiba, mpelekee yeye. Nawe ni mtu wa hesabu, basi mpelekee hesabu." Wakaketi wakaandika. Mikondo sita, kila mmoja una wanafunzi 60: madaftari 360. Daftari moja likisomwa kwa dakika tano, ni dakika 1,800, yaani saa 30, kila mara anapowapa wote kazi ya kuandika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, iliyotungwa mwaka 2004, imeweka saa 45 kuwa kikomo cha kazi ya kawaida kwa wiki. Ukiondoa 30 katika 45 hubaki saa 15 za kufundisha mikondo sita, kuandaa masomo, kuhudhuria vikao na kusimamia zamu. Karatasi ile haikuwa na neno la hasira hata moja, na kwa sababu hiyo haikuwezekana kuibishia. Mkuu wa shule aliisoma mara mbili. Hakuwa mtu mbaya, hakuwa amehesabu. Mwalimu wa fizikia aliombwa achukue mikondo miwili, na kukakubaliwa kwamba madaftari yasahihishwe kwa zamu, mkondo baada ya mkondo. Mzigo haukuondoka wote, lakini ukabebeka.

Lilibaki deni la karani. Mama yetu alimwonya mwalimu asiende kuomba radhi ofisini kwa siri. "Uliyasema mbele ya watu," alimwambia, "basi yarudishe mbele ya watu." Nami naona hiyo ni sheria njema ya kuomba radhi: radhi ifike pale pale tusi lilipofika, isiwe ndogo kuliko tusi wala isifichwe mahali ambapo tusi halikufichwa. Saa ya chai mwalimu alisimama, akamwita karani kwa heshima, akasema kwamba wino haukuwa kosa lake, kwamba maneno yale hayakuwa ya kweli, na kwamba alikuwa amemtupia yeye jambo lililomhusu mtu mwingine. Hakusema, "Kama nimekukosea." Hakutaja uchovu wake kuwa kinga. Yule mama aliitikia, "Yamekwisha, mwalimu." Hayakuwa yamekwisha siku ile, kwa maana moyo hauna swichi kama taa. Lakini muhula uliofuata niliona karatasi ya hisabati imerudi mezani kwa mwalimu, na pembeni mwa swali la saba iko duara ndogo ya penseli.

Sitaki insha hii isomwe kama nasaha ya kuwafunga midomo wafanyakazi. Uko ushauri wa uvumilivu ambao ni njama: mwenye mamlaka huwatwisha watu mizigo ya kupita kiasi, kisha huwahubiria adabu wanapolalama. Tangu ada ilipoondolewa katika shule za sekondari za serikali mpaka kidato cha nne, mwaka 2016, watoto wengi zaidi wameingia madarasani, na hilo ni jambo la kushukuriwa; lakini kila mtoto aliyeingia ana daftari, na kila daftari lataka jicho la mtu. Sheria niliyoitaja inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, pumziko la saa moja akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na saa 24 za mapumziko katika kila wiki. Hayo hayakuandikwa kama zawadi. Yaliandikwa kwa sababu watu walijua kwamba mtu asiyepumzishwa huharibika, na akiharibika huharibu. Mkuu wa kazi anayezila likizo za watu wake hana haki ya kushangaa akisikia kelele ofisini. Kama asili ya uchovu huu iko katika kazi, basi sehemu kubwa ya dawa yake iko mikononi mwa wanaoipanga kazi.

Nasi tulio wenzi tuna sehemu yetu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hivi ndivyo tunavyoudhania kila siku. Tulipomwona yule mwalimu ameacha chai, ameacha mzaha, ameacha kuwaita watoto kwa majina, tulikuwa tumeona moshi. Kusifu uvumilivu wake kulikuwa rahisi kuliko kumwuliza, "Una madaftari mangapi?" Katika mahali pa kazi swali hilo ni la upendo kuliko pole kumi, kwa kuwa pole huishia masikioni na swali la namna hiyo hufungua hesabu.

Yote haya nayaweka mbele ya vijana ambao wanajiandaa kwa ualimu, uuguzi, ukarani na kazi nyingine za kuwatumikia watu. Mtachoka. Msiamini mtu awaambiaye kwamba wito wa kweli hauchoki. Waliochoka sana mara nyingi ndio walioanza na moyo mkubwa, kama wale waliojitolea katika zahanati ya New York. Siku hiyo itakapofika, jiulizeni swali moja kabla ya kufungua kinywa: aliye mbele yangu ndiye aliyenitwika? Kama ndiye, mwambieni kwa adabu na kwa hesabu. Kama siye, yamkini yeye naye ametwikwa, na hapo mlipokaribia kumfanya adui mlikuwa na msaidizi.